Ngumbao Mara Mbili

Njeri alikuwa amejilaza kwenye kochi, tumbo mbele, akihesabu majina kwa vidole, mara akaangua kicheko kilichomfanya ashike mbavu.

"Ngoja kwanza," alimwambia mumewe. "Wewe ni Ngumbao Ngumbao, si ndiyo? Na kwenu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Na babu yake ni nani? Ni Ngumbao. Sasa huyu wangu ataitwa Ngumbao Ngumbao Ngumbao? Huyo ni mtoto au ni mtu anabisha hodi?"

Ngumbao naye alicheka. Angefanyaje? Mwanamke alikuwa amesema kweli, na tena kwao Njeri, huko Murang'a, desturi ni hiyo hiyo ya babu kwanza, kwa hiyo hakuwa anaidharau. Alikuwa anashangaa tu jinsi hesabu ilivyotoka.

Lakini kicheko cha Ngumbao hakikuwa na raha ndani. Jina lile lilikuwa limemsumbua tangu alipoanza darasa la kwanza, mwalimu alipochukua kalamu nyekundu akalipiga mstari la pili, akamwambia, "Mtoto, jina huandikwa mara moja." Benki walilikata. Shirika la simu walilikata. Kila penye dirisha na mtu nyuma yake, ilikuwa lazima aeleze kwamba hapana, kidole hakikuteleza. Na jambo la ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuamini maelezo yake. Moyoni alijua, au alidhani anajua, kwamba zamani katika ofisi fulani karani mmoja aliyechoka aliandika jina moja mara mbili, na mama yake, ambaye wakati huo hakuwa anajua kusoma, akaipokea karatasi akaenda nayo nyumbani.

Hakuwahi kumuuliza. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa, na kila mtu alipomtaja marehemu, mama yake, Kafedha, alikuwa na sufuria ya kwenda kukoroga. Mtoto hujifunza haraka mambo ya kutouliza.

Basi wiki ile mume na mke wakakubaliana. Kabla mtoto hajafika, Ngumbao aende kwa wakili kule Changamwe, ale kiapo, aache Ngumbao mmoja, na mbele aweke Morgan, jina lake la ubatizo ambalo tangu abatizwe lilikuwa limekaa kanisani bila kazi. Morgan Ngumbao. Njeri alilitamka mara kadhaa akaona linateleza vizuri. Mtoto naye angepewa jina ambalo halitawatia walimu wasiwasi. Wakili alisema waje Jumatatu. Kilichobaki ni kumwambia mama, huko Timbwani, na hilo ndilo Ngumbao aliloendelea kuliahirisha.

Niseme sasa ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Ngumbao ni fundi wa makontena ya baridi bandarini Kipevu. Hupita kwenye safu za makontena yaliyochomekwa umeme, yale yanayobeba maparachichi na samaki na dawa, akisoma kijioo cha kila moja kuona kama baridi iko pale inapotakiwa. Likianza kupata joto, yeye ndiye wa kwanza kujua. Ni kazi ya kutazama vitu vidogo kabla havijawa vikubwa, na Mungu alimuumba hasa kwa kazi hiyo. Nyumbani Bombolulu, ambako wamepanga vyumba viwili, hawezi kupita mbele ya bawaba inayolia bila kusimama kuisikiliza. Njeri husema kuolewa na Ngumbao ni kuishi na mtu anayekagua hata chapati.

Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa sababu alichoka kunakili joto la makontena kwa mkono. Alitunga programu ndogo inayokusanya namba hizo kila asubuhi na kuzituma kwa barua pepe kwa msimamizi wake, Rosalia. Ilipoanza kufanya kazi wenzake walifurahi, wakaenda kunywa chai. Yeye alibaki akijiuliza: imewezaje?

Lugha ya kompyuta, kwa asiyejua, huja na kabati lake la vifaa. Kifaa cha kupanga orodha, cha kusoma tarehe, cha kufungua barua, vyote vimeshatengenezwa na watu waliotangulia, na kila anayeitumia lugha hiyo huvikuta tayari. Wataalamu huliita maktaba ya msingi. Ngumbao hulifikiria kama jiko la nyumba ya ukoo: kila aliyewahi kupika humo ameacha kitu, na hakuna anayekumbuka nani aliyeleta ule mwiko uliokatika mpini. Alifungua kabati hilo kutazama tu. Akakuta mstari mmoja usiofanya kazi yoyote. Ulikuwa unahesabu kitu, kisha hesabu yenyewe haitumiwi na mtu.

Siku nzima kazini mstari ule haukumtoka kichwani. Umewekwa na nani? Kwa nini? Jioni aliandika pendekezo la kuufuta, akalituma kwa watunzaji wa lugha, watu waliotawanyika dunia nzima, hajui hata mmoja kwa sura. Mkaguzi mmoja alilipokea akajibu neno moja na nukta. Tangu siku hiyo Ngumbao akamwita Bwana Nukta.

"Kwa hiyo umefuta mstari mmoja," Njeri alisema alipoonyeshwa.

"Mmoja."

"Na hawajakulipa."

"Hawajanilipa."

"Na unatabasamu hivyo?"

Alikuwa anatabasamu kweli. Jambo dogo kutoka Bombolulu lilikuwa limeingia katika kompyuta za watu asiowajua, na hakuna hata mmoja atakayeona tofauti. Hilo la kutoonekana ndilo lililompendeza zaidi.

Akanogewa. Alfajiri, kabla ya zamu, chai ya tangawizi mkononi, alifagia. Hapa maelezo yaliyopitwa na wakati, pale mistari saba inayofanya kazi ya mmoja, kule kifaa cha zamani ambacho mwenzake mpya amekwisha kuja. Na alikuwa na sharti lake: hafuti mstari kabla hajasoma historia yake. Maana kila badiliko katika maktaba ile huandikwa, nani amelifanya na kwa sababu gani, na kumbukumbu hizo hazipotei. Kwa Ngumbao huo ndio ulikuwa utamu wenyewe. Alikuta mstari wa ajabu kwenye mambo ya tarehe, akaufuata nyuma, akagundua kuna kisiwa kiliwahi kuruka siku nzima kwenye kalenda, watu wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Alimwamsha Njeri kumweleza. Njeri alimwambia na yeye aruke siku moja amwache alale.

Mara nyingi jambo lililoonekana upuuzi lilikuwa na mtu nyuma yake, na mtu huyo alikuwa na shida ya kweli. Ngumbao aliwapenda watu hao. Alipokuta sababu yao bado ipo, aliuacha mstari ukae. Ilipokuwa imekufa, aliufuta kwa adabu.

Sasa nifike kwenye kosa alilolifanya.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki, wiki ile ile ya makubaliano. Njeri amekwisha kuvaa, tuktuk inanguruma nje, na Ngumbao yuko mezani anamalizia kusafisha sehemu inayosoma majina ya wanaotuma barua pepe. Humo kulikuwa na mistari kumi na kitu ya zamani. Kazi yake ilikuwa kushughulikia majina yaliyoandikwa na nafasi tupu nyingi katikati, kama mtu aliyebonyeza kitufe cha nafasi mara tatu kwa bahati mbaya. Mistari ile ilichukua kila kipande cha jina, ikakilinganisha na kipande kilichotangulia. Vikifanana, na vyote viwili vikiwa vitupu, kimoja hutupwa.

"Vikifanana na vikiwa vitupu," Ngumbao alijisemea. "Huyu mtu naye kwa maneno mengi! Vikifanana si basi?"

Na lugha ilikuwa imepata kifaa kipya cha kutupa vitu vilivyofuatana vikifanana. Alifuta yote, akaweka kifaa hicho, mstari mmoja safi. Majaribio ya maktaba, yale yanayopima kama umeharibu kitu, yakapita yote.

"Baba nanii!" Njeri aliita mlangoni. "Utanizalishia kwa tuktuk?"

Akalituma. Historia hakuisoma. Ilikuwa mara ya kwanza, na alijiambia ni kwa sababu ya haraka. Bwana Nukta akalikubali siku iliyofuata, kwa neno moja na nukta.

Wafagiaji wa maktaba kama yeye wana tabia ya kulitumia toleo la majaribio kabla halijawafikia watu wengine, ili kama kuna tatizo liwapate wao kwanza. Ngumbao naye aliiwekea programu yake ya makontena toleo hilo. Alhamisi alipoingia kazini, Rosalia alikuwa anamngoja na kikombe chake cha kahawa.

"Ripoti yako iko wapi?"

"Nimetuma."

"Hukutuma. Zako zote zinaingia mahali pamoja kwa jina lako, na leo hakuna." Rosalia alifungua simu, akashusha kidole taratibu, kisha akasimama. "Alaa. Hii hapa, imejiweka peke yake. Kwani umebadilisha jina?"

Ngumbao alitazama. Kwenye ripoti zote za nyuma mtumaji alikuwa Ngumbao Ngumbao, kama alivyoandikishwa kazini. Kwenye hii ya leo alikuwa Ngumbao.

Wakili hajaenda kumwona. Karatasi hajatia sahihi. Nani amemkata? Kwa dakika chache alihisi kama kuna mtu aliyesikia mazungumzo ya kochini Bombolulu akaamua kumtangulia. Kisha ufundi ukamrudia, na akaanza kufanya kile anachofanya kontena likipata joto bila sababu: kufuata waya kutoka mwisho mpaka mwanzo. Programu yake haikuwa na kosa. Seva ya barua haikuwa na kosa. Alipobonyeza tena kwa toleo la zamani, majina yakaja yote mawili. Toleo jipya, moja.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kati ya makontena, laptopu mapajani, mashine zikivuma kila upande, akafungua mstari wake mmoja safi. Kutupa vitu vilivyofuatana vikifanana. Alitazama mstari, akatazama jina lake. Aliona aibu, halafu akacheka peke yake kwa sauti, hata mwenzake mmoja akachungulia kutoka safu ya pili kuona kuna nini. Watu wote wale wa madirishani, miaka yote ile, na hatimaye mtu aliyemkata vizuri kuliko wote ni yeye mwenyewe. Na majaribio yote yalipita kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka humo jina kama lake. Naye asingeliweka. Huko kwenye maktaba alijiandikisha Ngumbao tu, ili asiulizwe.

Ndipo akafanya alichopaswa kufanya siku ya kliniki. Alifuata ile mistari ya zamani nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka kwa aliyeiweka. Jina lilikuwa la kificho, herufi tu na namba, mtu ambaye tangu hapo hakuonekana tena. Lakini alikuwa ameacha maelezo mafupi: ondoa nafasi tupu peke yake, maneno yenyewe usiyaguse, wenye majina wana sababu zao, na kama hujui sababu waulize.

Ngumbao alisoma mara nyingi. Huyu alikuwa nani? Alijuaje? Labda alikuwa na jina la mara mbili, labda ni mke wake, labda ni mtu aliyekutana naye safarini. Alituma barua kwa anwani ya zamani iliyokuwepo pale. Ikarudi, haina mwenyewe. Iliyobaki ni kauli ile tu ya kuuliza. Na alipoitafakari, alitambua kwamba amesoma historia za mistari ya watu wa mabara yote, amejua habari za kisiwa kilichoruka siku, na jina lake mwenyewe hajawahi kulifuatilia hata hatua moja.

Alituma taarifa kwa watunzaji kwamba badiliko lake lina kosa na asingetaka litoke na toleo jipya. Bwana Nukta, kwa mara ya kwanza, alijibu zaidi ya neno moja. Aliuliza: mfano huu wa Ngumbao Ngumbao, ni jina la mtu wa kweli au umebuni kuonyesha tatizo?

Swali la haki kabisa. Ngumbao hakulijibu siku ile, wala iliyofuata.

Jumapili baada ya ibada alivuka kwa feri kwenda Likoni, akapanda matatu mpaka Timbwani. Mama yake alikuwa uani anakuna nazi, miguu imenyooshwa pande mbili za mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo? Tumbo limeshuka?"

"Limeshuka. Anasalimu sana."

"Basi si kitambo. Kaa, chukua kigoda hicho. Mbona uso umeukunja hivyo?"

Alikuwa amepanga maneno tangu kwenye feri, na yote yakamkimbia. Akatoa yaliyobaki. "Mama, kesho naenda kwa wakili. Nataka kukata jina. Nibaki na Ngumbao mmoja."

Kafedha aliendelea kukuna. Nazi ilianguka kwenye ungo mara mbili, mara tatu, kisha mkono ukatulia.

"Unakata lipi?" aliuliza.

"Lipi vipi? Yanafanana, mama."

"Nakuuliza unakata lipi. La kwanza au la pili?"

Miaka thelathini na kitu na Ngumbao hakuwahi kufikiria kwamba hilo ni swali. Mama yake aliweka kifuu chini. Safari hii hakuinuka kwenda jikoni, kwa sababu Ngumbao alimwahi kwa maneno.

"Mimi nilidhani ni karani alikosea," alisema. "Tangu utoto. Sasa nakuuliza, mama. Nilipewa vipi?"

"Karani!" Kafedha alimtazama kama aliyesikia habari za ulevini. "Karani aliandika alichoambiwa. Aliyekupa jina ni babu yako Mweri, na jina lenyewe lilikuwa liwe lake. Wewe si ndiye wa kwanza? Kila mtu aliyekuja siku ile alijua unaitwa Mweri. Kuku amechinjwa, mzee ametoka Kaloleni na shuka lake jipya. Baba yako ana miezi mitatu ardhini, homa ya juma moja tu ilimchukua, na mimi niko pale kona, sisemi na mtu. Tangu wamzike nilikuwa sijalitamka jina lake. Lilikuwa halitoki, likifika hapa linakwama."

Aligusa koo kwa mkono uliojaa nazi.

"Mzee akakupakata. Watu wanangoja aseme jina lake. Akakaa. Akakaa. Kisha akasema, 'Mimi bado naitwa. Asubuhi naitwa, jioni naitwa. Huyu kijana wangu ataitwa na nani?' Akakuangalia usoni akakuita Ngumbao. Dada zake wakanung'unika, wakasema si utaratibu, jina la mzee litarukwaje. Akawaambia lake litangoja, na kweli likaja kuchukuliwa na mtoto wa ami yako. Akanigeukia mimi. 'Haya, mama, mwite mwanao anyonye.' Nikakuita. Mulungu wangu, nililia siku ile! Lakini lilitoka."

Ngumbao alikuwa ameinama anaokota makapi ya nazi yasiyokuwepo.

"Tangu siku hiyo nalitamka kila siku," Kafedha alisema. "Nikikuita uje ule, namwita. Nikikufokea, namfokea na yeye. Mkaidi vile vile. Unafikiri kwa nini ulipokuwa mdogo nilikuita mara kumi na uko hapo mbele yangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa ukiulizwa utaumia."

"Nilikuwa naumia kwa kutoulizwa," mama yake alisema, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuyafuta, maana mikono yote ilikuwa na nazi. Ngumbao akamfuta kwa shati lake. Kisha Kafedha akaanza kusimulia: mumewe alikuwa anapenda kaimati, alikuwa hawezi kupita mbele ya kitu kibovu bila kukifungua, aliwahi kuharibu redio ya jirani kwa kutaka kujua sauti inakaa wapi. Ngumbao aliuliza, akauliza tena. Aliuliza mpaka wali wa nazi ukaiva, wakala, na bado alikuwa anauliza. Alirudi Bombolulu amejaa baba kama mtu aliyekunywa maji baada ya kiu ya safari ndefu.

Usiku ule alimsimulia Njeri yote. Njeri hakucheka. Alisikiliza huku akijikanda mgongo.

"Na wewe hukuwahi kunieleza haya," alisema.

"Nilikuwa siyajui."

"Hebu sema tena, huyo mzee alisemaje?"

Akamwambia. Njeri akageukia ukutani kulala, na hakusema lolote kuhusu wakili wala kuhusu jina la mtoto. Ngumbao hakumsukuma. Aliogopa kidogo. Yeye alikuwa ameamua la kwake, lakini mtoto ni wa watu wawili, na kicheko kile cha kochini kilikuwa na haki yake pia. Jumatatu ilifika, wakili akangoja wateja wengine.

Asubuhi hiyo, na chai yake ya tangawizi, aliirudisha mistari ya yule mtu asiyejulikana, yote, pamoja na lile sharti lake la ziada, "na vikiwa vitupu". Halafu akaongeza kitu ambacho hakikuwepo. Katika orodha ya majina ya majaribio, baada ya majina ya kizungu yaliyokuwa yamejipanga pale miaka mingi, aliandika Ngumbao Ngumbao. Atakayekuja kesho na ufagio wake na haraka zake akilikata tena, kompyuta itamkatalia hapo hapo na kumwonyesha jina. Sahihi ya kazi ile aliweka kwa jina kamili, kwa mara ya kwanza tangu aanze.

Kisha akamjibu Bwana Nukta. Aliandika kwamba jina ni la kweli. Ni langu mimi, alisema, na nilikuwa karibu kulikata. Naomba lisiondolewe.

Jibu lilikuja mchana, alipokuwa kati ya makontena: limekubaliwa, na chini yake Bwana Nukta alikuwa ameongeza kwamba anashukuru kufahamiana. Ngumbao alilisoma akajikuta anatembea safu nzima bila kusoma kijioo hata kimoja, ikabidi arudi aanze upya.

Uchungu ulimshika Njeri wiki iliyofuata, asubuhi, Ngumbao akiwa zamu. Simu ilipompata ilikuwa imekwisha kuwa habari: mtoto wa kiume, mzima, ana sauti. Rosalia alimsukuma nje ya lango kwa mikono yake mwenyewe. Alifika wodi ya wazazi bado amevaa viatu vya kazi, na mama yake Kafedha, aliyevuka na kufika kabla yake, hajulikani kwa njia gani, alikuwa amekwisha kukaa kitandani miguuni pa mkazamwanawe, mikono juu ya pochi.

Karani wa vizazi alikuwa amefika kitanda hicho. Kijana mpole, kalamu mkononi. Ngumbao alisimama mlangoni. Hakuwa amekubaliana lolote na Njeri kuhusu jina, wala sasa hapakuwa na maana ya kupaza sauti kutoka pale. Alimtazama mtoto, uso umekunjamana kama wa mzee anayesoma bila miwani, akamtazama mama yake, ambaye hakuwa anamtazama mtu yeyote.

"Jina la mtoto?" karani aliuliza.

"Ngumbao," Njeri alisema.

Kafedha aliinua uso.

"La baba?"

"Ngumbao Ngumbao."

Kalamu ilisimama. Karani alitazama karatasi, akatazama juu, akatabasamu kwa upole wa mtu anayetaka kusaidia. "Mama, umechoka. Nadhani jina limejirudia."

Njeri alimsogeza mtoto kifuani, akamnyooshea kidole yule mama aliyekaa miguuni pake, mjane wa Ngumbao wa kwanza, kisha akamnyooshea Ngumbao pale mlangoni, kisha akamrudishia karani macho.

"Halijajirudia," alisema. "Wako watatu. Andika wote."